Barua ya wazi kwa wakuu wa Debian na wanaogombea kuwaongoza: hilo gari mtalinunua kwa kifungu gani?

Wakuu salaam,

Nawaandikia kutoka Mtwara, kusini kabisa mwa Tanzania, ukitoka hapa ukashuka kidogo umefika mto Ruvuma na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mi ni fundi kompyuta, nina kibanda cha stesheneri hapa mjini, natoa kopi, naprinti, napiga windo kwenye laptopu za watu, na kila nikipata upenyo napiga Debian. Sio mwanachama wenu, sina kura, jina langu halipo kwenye orodha yenu yoyote. Naandika kwa Kiswahili maana ndo lugha ninayofikiria nayo na nataka wenzangu wa huku wawe wa kwanza kuisoma, nyie mtatafsiriwa na mwenye kuweza.

Mtu atauliza sasa kama huna kura barua ya nini. Jibu lipo kwenye mkataba wenu wenyewe wa kijamii, ule mlioupitisha mwaka 1997, mmeandika kwamba kipaumbele chenu ni watumiaji wenu na programu huria. Watumiaji ndo sisi. Kwahiyo nimeingia kwenye mkutano kwa tiketi hiyo na naomba nisikilizwe.

Wadau ambao hamjui naongelea nini, Debian ni mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, ila huu ni huria, unaruhusiwa kuuchukua, kuukopi, kuufungua ndani ukaona ulivyoandikwa, ukaubadilisha na ukampa jirani bila kumuomba mtu ruhusa. Ulianzishwa na Ian Murdock mwezi wa nane mwaka 1993, jina lenyewe aliunganisha la mchumba wake wa wakati ule, Debra, na la kwake. Ubuntu mnayoisikia imejengwa juu ya Debian. Toleo la 13 lililotoka Agosti 2025 lina vifurushi vya programu karibu elfu 70, na wanaovitunza ni watu wa kujitolea waliotapakaa dunia nzima, wenye kura wako kama elfu moja hivi, hawana bosi. Kila mwaka wanachagua kiongozi mmoja wa mradi. Wiki moja ya kujitokeza kugombea, wiki tatu za kampeni ambazo wagombea wanaulizwa maswali, wiki mbili za kupiga kura, kura ya siri, na mwezi wa nne kiongozi anakaa kwenye kiti. Hizo wiki tatu za maswali ndo zimenifanya nikae niandike.

Ngoja niwasimulie kitu. Baba yangu ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Kuna mwaka nilimsindikiza kwenye mkutano mkuu wa chama chao cha msingi, siku ya kuchagua viongozi, watu wamekaa chini ya mwembe, akina mama upande wao na wazee wamewahi viti vya mbele. Akasimama mgombea mmoja, kijana mwenye maneno, akasema mkinichagua nanunua gari la chama, magunia yatafika mapema, salfa mtaletewa mlangoni. Makofi, vigelegele. Akainuka mzee mmoja wa makamo ya babu yangu, akaomba nafasi, akasema, mwanangu nimekusikia na nimefurahi, ila hilo gari utalinunua kwa kifungu gani? Kijana akamuuliza kifungu kivipi mzee wangu. Yule mzee akamwambia taratibu tu, mwenyekiti hanunui gari, gari linanunuliwa na mkutano huu huu tuliokaa, hata ukomo wa madeni tunaupitisha sisi, wewe kazi yako ni kuitisha vikao, kusimamia na kusaini, sasa tuambie kwenye hivyo vitatu ambavyo ni vya kwako kweli utafanya nini tofauti na aliyetoka. Pakawa kimya pale chini ya mwembe mpaka unasikia majani. Yule kijana hakuwa muongo wala mwizi, nataka nimtendee haki, alikuwa tu hajakisoma cheo anachokiomba, na sisi tuliopiga makofi tulikuwa hatujakisoma vilevile.

Sasa katiba yenu nimeisoma, tena sio mara moja. Kiongozi wa mradi wa Debian ana vitu vichache sana mkononi. Anateua wawakilishi na kuwakabidhi majukumu. Anaamua pesa za mradi zitumikeje, pesa ambazo zinashikwa na taasisi za nje kama Software in the Public Interest ya Marekani. Anausemea mradi nje na anaongoza mijadala ndani. Hayo ndo makubwa yake. Na katiba hiyohiyo mwanzoni kabisa inasema hakuna kitu ndani yake kinachomlazimisha mtu yeyote kufanya kazi, maana yake kiongozi hawezi kumuamuru hata mtu mmoja anayetunza kifurushi kimoja kidogo cha fonti. Kwahiyo mgombea akisema nitaboresha hiki, nitafanya kile kiwe rahisi, nitaleta vijana, hajajibu bado. Ameahidi gari. Swali linalotakiwa kumfuata hapohapo ni utamteua nani, utatoa pesa kwenye lipi, utaenda kuomba wapi na ukiambiwa hapana utafanyaje.

Hilo ndo ombi langu kwenu wagombea na nyie mnaowauliza, na nitalisema kwa mifano ya huku kwetu maana nikiliacha hewani hivi litakuwa nalo ni gari jingine.

Kuna shule moja ya sekondari nje ya mji nawasaidia chumba chao cha kompyuta. Mashine 14, zilikuja kwa msaada zikiwa zimeshatumika huko zilikotoka. Tisa kati ya hizo prosesa yake ni biti 32, aina ya zamani, za siku hizi ni biti 64. Windows zilizokuwemo zilikuwa zimekwisha kabisa, virusi tupu, mtoto anasubiri dakika kumi kioo kiwake. Nikapiga Debian 12, toleo la kabla ya hilo la 13, zote 14, nikaweka mazingira mepesi ya desktopu, nikaweka LibreOffice, zikaamka. Walimu walifurahi mpaka mmoja akanipikia ming'oko nyumbani kwake. Halafu Debian 13 ikatoka na mkatangaza kwamba biti 32 za aina ile hazina tena kerneli, yani kiini cha mfumo, wala programu ya kuinstolia, kilichobaki ni kwa ajili ya kuendeshea programu za zamani kwenye mashine za biti 64. Yani mashine tisa zimefika mwisho wa barabara. Debian 12 bado inatembea ila siku zake zinahesabika.

Sijaja kulaumu. Sababu naielewa, prosesa zile zina umri, wanaojitolea kuzitunza wamepungua, na huwezi kumwambia mtu wa kujitolea abaki kutunza kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Kiongozi hakuamua lile na wala hakuwa na uwezo wa kulizuia, ndo maana sitamuuliza mgombea atazirudisha lini, nikiuliza hivyo nitakuwa sijakisoma cheo. Nitamuuliza hivi: kabla ya maamuzi ya namna ile kufikiwa, mwakilishi gani kazi yake ni kujua nani bado anatumia hizo mashine na ziko wapi? Kama hayupo utamteua? Na kama mashine haziwezi kuendelea, je kuna pesa ya mradi inaweza kusaidia watu wanaokusanya kompyuta za biti 64 zinazotupwa? Maana zinatupwa nyingi tu. Windows 10 iliishiwa msaada Oktoba 14, 2025, tangu hapo naletewa kibandani laptopu nzima kabisa, mwenye nayo kaambiwa haifai kwa Windows 11, anataka kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Hizo ndo mashine za kwenda shuleni. Mtu wa kusema neno hadharani ni yule anayeusemea mradi, na huyo ni kiongozi, hapo ana kifungu.

Swali la pili linahusu uchovu na hili naliuliza kwa moyo mzito kidogo. Mwaka 2019 wiki ya kujitokeza iliisha hamna hata mtu mmoja aliyegombea, mkalazimika kuongeza muda. Mwaka 2023 aligombea mtu mmoja peke yake. 2025 wakafika wanne, nikafurahi sana. Lakini hata wapigakura wenyewe katika chaguzi za miaka hii hawafiki nusu ya wenye haki ya kupiga. Huku kwetu kikao kikianza kukosa watu tunajua kuna kitu, ama watu wamechoka ama wameona wakisema hawasikilizwi.

Na uchovu una hatari yake. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2024, kampeni zenu za mwaka ule zikiwa katikati, mtaalamu wa programu Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz, kijiprogramu cha kubana mafaili ambacho kipo karibu kila mahali, kumefichwa mlango wa nyuma, yani njia ya siri ya mtu kuingia kwenye mashine yako bila ruhusa. Aliugundua akiwa kwenye Debian ya majaribio, kuingia kwenye mashine ukiwa mbali kwa njia ya SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida na akakataa kupuuzia. Toleo imara la Debian halikuguswa, tushukuru. Ila mlango uliingiaje? Uliingia kupitia kwa mtu wa kujitolea aliyekuwa anatunza kitu kile karibu peke yake kwa miaka mingi, akachoka, akasukumwasukumwa na majina yasiyojulikana kwamba anachelewesha kazi, mpaka akamkaribisha msaidizi, na msaidizi yule alijenga uaminifu taratibu kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kufanya alichokuja kufanya. Mi nilivyosoma ile habari nilikaa kimya kibandani, wateja wananisemesha siwasikii, maana nilikuwa nawaza zile mashine 14.

Kwahiyo mgombea aulizwe vifurushi vingapi ambavyo kila mtu anavitegemea viko mikononi mwa mtu mmoja, na yeye kwa uwezo wake wa kuteua na wa pesa atafanya nini ili yule mmoja apate wa pili anayefahamika. Aulizwe pia yeye mwenyewe ataacha kazi gani. Hili naona haliulizwi vya kutosha. Mtu anatunza vifurushi arobaini, yuko kwenye timu tatu, ana ajira na familia, halafu anaomba uongozi wa mradi mzima. Kiti cha uongozi hakina mshahara. Utatua mzigo upi, na nani ataupokea? Asipojibu hilo ujue anayeenda kulipa ni mke wake na watoto wake au ni sisi.

Nikitoka hapo naingia kwenye mlango wa kuingilia. Ukitaka kuwa mwanachama kamili wa Debian, ufunguo wako wa kidijitali, yani alama ya kwenye kompyuta inayothibitisha kwamba ni wewe, unatakiwa usainiwe na watu waliomo tayari, na desturi ya miaka yote ni kuonana uso kwa uso, kitambulisho mkononi. Baada ya yale ya xz siwezi kuipinga desturi hiyo, naiona ina akili. Lakini uso kwa uso na nani jamani? Toka nianze kazi hii sijawahi kukutana na mwanachama wenu hata mmoja Mtwara wala Lindi. Kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika pale Somanga, Kilwa, tukawa kama tuko kisiwani, mabasi yamelala njiani, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini nazo zikakatika, nchi nzima ikawa inasuasua. Barabara hamna, mtandao hamna. Mtu wa huku akiwaambia hawezi kufika kwenye mkutano msimuone mvivu.

Mkutano wenu wa mwaka, DebConf, umefanyika tangu mwaka 2000 na ardhi ya Afrika umeikanyaga mara moja, Cape Town, 2016. Mmewahi kuwa na kiongozi wa kutoka Afrika Kusini, Jonathan Carter, alikaa vipindi vinne mfululizo kuanzia 2020 mpaka alipompisha Andreas Tille mwaka 2024. Kwahiyo Afrika sio ngeni kwenu. Najua mna utaratibu wa kudhamini nauli za watu kwenda DebConf na ni jambo jema sana, ila nauli ya mtu mmoja wa Mtwara kwenda Ufaransa au Korea ingeweza kumleta mwanachama mmoja wa Nairobi au Cape Town mpaka huku, akakaa wiki, akaona vitambulisho vya vijana kumi na kusaini funguo zao, akaenda na Lindi, akaenda na Masasi. Mgombea, pesa iko kwenye kifungu chako, hilo utalijaribu hata mara moja katika mwaka wako? Ndiyo au hapana. Hapana yenye sababu naipokea kwa mikono miwili, nisichokitaka ni nitaangalia uwezekano.

Kuhusu bando sisemi mengi. Faili la kuanzia kuinstoli lina mamia ya MB na baada ya hapo mashine inavuta mengine, kwahiyo huku tunakopi kwa flashi na eksteno, mtu mmoja anajinyima bando la wiki wengine kumi wanafaidika. Kazi inaenda. Ningependa tu kila mgombea awe amewahi hata siku moja kuinstoli mfumo wake kwa njia hiyo kabla ya kutuambia ni rahisi.

Kitu kimoja mnacho ambacho nakipenda kuliko vyote, na nawasihi mkilinde. Kwenye karatasi yenu ya kura, mbali na majina ya wagombea kuna chaguo linalosema hakuna hata mmoja kati ya hao, na mpigakura anapanga wote kwa namba, huyu wa kwanza, yule wa pili, na hilo la hakuna hata mmoja analiweka popote anapoona panafaa. Likishinda, uchaguzi unaanza upya. Mkulima wa korosho wa huku hilo humuelezi mara mbili. Kwenye mnada bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya wakulima, bei ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wakulima wana haki ya kusema zote hatuzitaki. Msimu wa 2018 walisema hivyo kweli, minada ya mwanzo Tandahimba na Newala walikataa bei zote wakarudi nyumbani na korosho ziko ghalani. Haikuwa rahisi, watu walikuwa na ada za watoto zinawasubiri.

Ila mkulima anaweza kukataa bei kwasababu bei imesomwa mbele yake kwa tarakimu. Mgombea aliyejibu kwa maneno mapana hajasoma bei, sasa mpigakura anakataa nini au anakubali nini? Kumpa kura mtu wa namna hiyo ni kuuza kangomba, korosho bado maua na wewe umeshapokea hela ya mwenzio kwa kipimo alichokipanga yeye. Wenye kura kama elfu moja, tafadhalini msituuzie kangomba, maana mkivuna hasara hamvuni peke yenu.

Na kwako unayekalia kiti sasa, wewe sikuulizi ahadi. Nakuomba kabla hujatoka uweke pamoja yale uliyojibu wakati unagombea, mstari kwa mstari, na pembeni uandike hili lilifanyika, hili lilishindikana kwasababu hii, hili niligundua sio la kwangu. Hilo la mwisho ndo litamsaidia sana anayekuja nyuma yako, atajua mapema magari yapi asiyaahidi. Sio kesi, hakuna mtu atakushtaki, umejitolea mwaka mzima wa maisha yako na sisi wa huku tunakushukuru kwa dhati.

Majibu ya wagombea nitayaprinti nibandike ukutani juu ya mashine ya kopi, na pale shuleni nimeshaongea na mwalimu wa kompyuta, tarehe 16 Agosti siku ya kuzaliwa ya Debian tutakaa na wanafunzi tuyasome moja moja tuone yamefika wapi. Kati ya zile tisa, mashine namba 7 feni yake imeanza kupiga kelele, nyingine nane zinawaka vizuri, na kipindi cha kompyuta ni Jumatatu saa nane mchana.

Wenu,
fundi wa stesheneri, Mtwara